Makosa Kumi na Pipa la Jirani

Novemba 1, Jumatano

Daktari amesema nisipange kuona maua ya sakura ya mwakani. Kasema kwa upole, macho kwenye viatu vyake. Moyo umechoka. Miaka themanini na sita!

Basi naandika. Fumie, mwanangu, ukisoma haya nitakuwa majivu ndani ya chungu. Usilie. Na jirani Kuroiwa asilione daftari hili.

Nina mawili ya kukiri. La kwanza ni dhambi ya mwaka 1974. Nitaiandika nikipata ujasiri. La pili ni ujinga wa mwezi huu, na ndio kwanza unaanza.

Nina mapipa matatu ya mbao za mierezi. Sosi ya soya ya ukoo wa Hatakeyama imechachia humo miaka mia na thelathini. Wa kuyarithi hakuna. Fumie ni mfanyakazi wa ofisi ya mji, ana miaka hamsini na nane, mgongo mbovu, na harufu ya ghala humtia kichefuchefu. Ametamka: tarehe thelathini ikifika hajapatikana mtu, wabomoaji watakuja, mapipa yatakuwa kuni. Nikamwambia mapipa yale yana uhai. Akaniambia, "Hata mimi nina uhai, Baba." Nikanywa chai.

Lakini mpango ninao! Ofisi ilimpeleka Fumie semina ya nusu siku kuhusu mtandao wa kikazi, ule ambao watu wa suti hutafutana. Karudi na karatasi: Makosa Kumi ya Kuepuka Unapojitangaza. Nitayaepuka yote kumi, nimpate mrithi. Nimesoma kemia chuo kikuu mimi. Karatasi itanishinda?

Novemba 3, Ijumaa

Kosa la kwanza: kujitokeza bila picha. Picha nzuri ninayo moja. Nilipigwa miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya mazishi yangu, siku mpiga picha alipokuja kituo cha wazee na sote tukapanga foleni. Suti nyeusi. Nyuma kijivu. Uso wa mtu aliyesamehe kila mtu. Nimeipiga picha hiyo picha kwa tabuleti, pamoja na fremu yake na utepe mweusi. Imetokea safi sana.

Kosa la pili: kuwa na watu wachache. Nimechungulia kwa Kuroiwa. Kuroiwa Sadao ni jirani yangu wa ng'ambo ya kichochoro, naye ni mtengeneza sosi. Tulisoma darasa moja. Hatujasemezana tangu 1974. Ana watu mia nne. Mia nne! Yule aliyefeli hesabu mara mbili!

Nimeshusha sanduku la kadi za kazi. Miaka sitini ya kuinama na kupokea kadi kwa mikono miwili. Kadi mia sita na kumi na moja. Nitaziomba urafiki zote.

Novemba 6, Jumatatu

Nimemaliza. Kidole kimevimba. Kumbe wengi wameshakufa. Mjane wa Yokosuka kajibu kwamba mumewe angefurahi sana, ila alifariki mwaka 1998. Nikamshukuru, nikamwomba yeye. Kakubali! Sasa nina watu mia tatu na ishirini. Kuroiwa, jihadhari.

Kosa la tatu: kujisifu kupita kiasi. Hilo kwangu ni rahisi, nimelelewa vizuri. Nimeandika tangazo kwa adabu zote: Mimi ni mzee mpumbavu. Ghala langu ni chafu na dogo. Sosi yangu ni kitu cha hovyo, haistahili kuguswa na ulimi wako mtukufu. Natafuta wa kuirithi.

Mtu gani aliyelelewa vizuri asingevutiwa?

Novemba 8, Jumatano

Amejibu mmoja, muuzaji wa vyakula wa Denmaki, kupitia mashine ya kutafsiri. Amenishukuru kwa ukweli wangu, ambao anasema ni nadra siku hizi. Ananishauri nifunge haraka, na kabla sijafunga nimwone bwana afya.

Sielewi. Wao huko wakimkaribisha mgeni chakula husema ni kizuri?

Novemba 9, Alhamisi

Maajabu! Ujumbe mia mbili kwa siku moja. Nilidhani ni wateja. Nikavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Wote wananiombea nipumzike kwa amani.

Mmoja ameandika kwamba hatasahau wema wangu. Wema upi? Mwingine anasifu moyo wa familia iliyochapisha maneno ya mwisho ya marehemu, yaliyojaa unyenyekevu. Binti mmoja aitwaye Tsukuda Mio, fundi wa mapipa kutoka Shikoku, ameandika kwamba alikuwa anatafuta ghala la kurithi na leo ndipo ameliona tangazo, lakini amechelewa, na ameumia.

Amechelewa nini? Nimemjibu: Hujachelewa, mimi ni mzima. Akajibu kwamba inasikitisha matapeli kutumia jina la marehemu. Akanifungia mlango. Mrithi wa kwanza kupatikana, na amenizuia!

Fumie amerudi kutoka ofisini na mashada matatu ya maua meupe mikononi. Kayatupa juu ya meza. Akauliza nimefanya nini tena. Nikasema sijui, na safari hii ilikuwa kweli. Akaitazama tabuleti. Akaitazama picha. Akakaa chini pale pale sakafuni. "Baba. Umejitangaza kama maiti."

Karatasi ilisema picha. Haikusema picha gani.

Novemba 10, Ijumaa

Saa tatu asubuhi, hodi mlangoni. Nikafungua mwenyewe, nina bakuli la tambi mkononi. Kuroiwa! Suti nyeusi, tasbihi mkononi, maua meupe ya krisanthemu, ananuka naftalini ya kabatini. Tukatazamana. Miaka arobaini na tisa, na neno la kwanza alilonipa ni, "We mzee huna haya! Nimebana tumbo kwenye suti hii kwa ajili yako, kumbe upo unakula tambi!"

Nikamwambia sikumwita. Akasema hata kufa sijui, nimeharibu kama nilivyoharibu kila kitu tangu darasa la nne. Akanitupia maua. Akaondoka. Akarudi kuchukua mwavuli wake.

Macho yake yalikuwa mekundu. Anasema ni naftalini.

Nimeyaweka maua yake kwenye maji. Ya wengine nimempa Fumie apeleke ofisini.

Novemba 13, Jumatatu

Sijalala vizuri. Macho yale mekundu. Basi, leo nakiri.

Mwaka 1974, mashindano ya sosi ya mkoa. Sosi ya Kuroiwa ilikuwa na harufu nzuri kuliko yangu, nilikuwa naisikia hadi chumbani. Kila Jumamosi saa nne Kuroiwa huenda kunyolewa. Mlango wa nyuma wa ghala lake haufungwi, pipa linahitaji hewa. Jumamosi moja niliingia na chupa, nikachota, nikabandika lebo yangu. Nikapata tuzo ya kwanza. Kuroiwa hakupata kitu. Sikuweza kumtazama tena usoni, na yeye akadhani nina majivuno.

Nimemwandikia yote hayo mtandaoni, kwake peke yake. Nimebonyeza. Moyo mwepesi. Sasa naweza kufa hata kesho.

Novemba 14, Jumanne

Siwezi kufa leo. Ujumbe ulikwenda kwa watu wote.

Fumie anasema tangu nilipotuma salamu za vuli kwa watu wangu wote, ile alama ya "wote" niliiacha vile vile. Kosa la saba hilo, limeandikwa kwa herufi nene: kumtumia kila mtu ujumbe mmoja. Lakini mimi sikumtumia kila mtu. Nilimtumia Kuroiwa, na wengine wakapokea. Ni vitu viwili tofauti. Fumie haoni tofauti.

La kushangaza, hakuna aliyenitukana. Wananipongeza! Meneja wa kampuni ya matairi anasema hajawahi kuona bidhaa ikisimuliwa kwa ustadi kiasi hiki. Mwingine anauliza sehemu ya dhambi nilimwajiri nani aiandike. Mjane wa Yokosuka peke yake ndiye aliyeniambia nikaombe radhi kwa miguu yangu.

Nina watu elfu moja na mia moja. Kuroiwa bado mia nne. Nimeona aibu kufurahi. Nimefurahi.

Novemba 15, Jumatano

Nimevuka kichochoro kwa mkongojo. Hatua ishirini na sita, nimepumzika mara mbili. Nikainamisha kichwa mpaka kikagusa mkeka wa Kuroiwa. Nikangoja anipige.

Akacheka! Akacheka hadi meno ya bandia yakamtoka. Akasema mwaka ule pipa lake liliingia ukungu, uji wote wa soya unaokamuliwa sosi ukaharibika, na aliona aibu kumwambia baba yake. Kwa hiyo tangu majira ya joto alikuwa akichota kwenye pipa langu, ndoo kwa ndoo, kila nilipompeleka mama yangu kliniki. Hata chupa yake ya mashindano ilikuwa sosi yangu. Majaji waliikataa kwa sababu lebo ilikaa upande. "Uliiba sosi yako mwenyewe, mjinga we! Miaka yote hii nanuniwa na mtu niliyemwibia!"

Nimerudi nyumbani, nikakaa. Je, mimi ni mwizi? Niliingia kuiba. Nikatoka na mali yangu. Tuzo ilikuwa halali, lakini niliipata kwa haramu. Kemia haikunifundisha hesabu ya namna hii.

Novemba 16, Alhamisi

Tsukuda Mio amenifungulia mlango! Ameisoma ile simulizi. Ameamini kwamba niko hai, kwa kuwa tapeli hawezi kubuni upuuzi kama ule. Anasema sosi ambayo mtu ameiba na kujutia miaka arobaini na tisa lazima aionje. Atakuja Alhamisi ijayo, sikukuu. Ataonja chupa moja yangu na moja ya Kuroiwa, maana Kuroiwa naye hana mrithi. Mwanawe yuko Osaka anauza viyoyozi. Uwezo wa Tsukuda ni ghala moja tu. Atachagua.

Nimemwambia Fumie. Amesema, mara hii, nikae kimya, nijaze chupa, niweke mezani, basi.

Novemba 18, Jumamosi

Nimefikiri. Mwaka 1974 sosi yangu ilikuwa bora, sawa. Lakini Kuroiwa amepata miaka arobaini na tisa ya kujirekebisha. Na harufu inayotoka kwake asubuhi hizi... Mapipa yangu matatu yanangoja shoka. Siwezi kuyabahatisha.

Saa nne ni saa ya kinyozi. Nikaghairi miadi yangu ya kliniki, ambayo nayo ni ya Jumamosi saa nne. Nikachukua chupa tupu na mkongojo.

Katikati ya kichochoro nikakutana na Kuroiwa. Hakwenda kunyolewa. Ana chupa tupu.

Akasema baridi imeanza mapema mwaka huu. Nikasema imeanza kweli. Akasema nijifunge shingo vizuri. Nikamshukuru. Tukapishana.

Novemba 23, Alhamisi, sikukuu

Amekuja. Binti wa miaka thelathini na nne, mikono kama makasia. Tulikaa kwangu, Kuroiwa na mimi tumepiga magoti pamoja kama watoto waliofumwa. Fumie akaleta tofu, ile jibini nyeupe ya soya, ya kuchovya.

Akaonja chupa yenye lebo yangu. Akasema ni nzuri, safi. Akaonja chupa yenye lebo ya Kuroiwa. Akafumba macho. Chozi! Akasema ndani yake kuna mbao za zamani, kuna nyumba nzima, na kwamba hii ndiyo aliyoitafuta miaka sita. Akamwinamia Kuroiwa. Atarithi ghala la Kuroiwa.

Ilikuwa yangu. Sosi yangu! Pipa la katikati, la miaka miwili. Nilifungua mdomo. Ningesema nini? Kwamba ile chupa yangu ina sosi ya nani? Nikaufunga. Kuroiwa alikuwa anatazama dari, amekuwa mweupe kama tofu.

Fumie alinipapasa mgongo. Alidhani ni moyo. Ulikuwa moyo.

Novemba 24, Ijumaa

Sijagusa chakula. Siku sita zimebaki mapipa yapasuliwe, na shoka nimelinoa mwenyewe.

Saa tano, hodi. Kuroiwa. Amekaa na Fumie, amezungumza naye kwa sauti ya padri. Anasema ni masikitiko kuona mbao za miaka mia na thelathini zikiwa kuni. Anasema yeye na mimi ni majirani. Anasema yuko tayari kuyachukua mapipa yote matatu pamoja na uji wake, na Tsukuda atayafungua pete kwa pete na kuyafunga upya ng'ambo. Fumie akalia, akamwita mtu mwema.

Mtu mwema! Anajua bila pipa langu hataweza kumwonyesha binti yule tena ile sosi iliyomliza!

Nilipomsindikiza mlangoni nikamwambia polepole, mwizi mkubwa we. Akasema, "Mwizi mdogo we. Vaa soksi."

Novemba 30, Alhamisi

Wabomoaji wameambiwa wasije. Pipa la mwisho limevuka leo. Tsukuda aliimba huku akigonga pete. Ghala langu tupu, linatoa mwangwi. Mapipa yamepona. Sosi ya Hatakeyama itaendelea kuchacha chini ya jina la Kuroiwa. Nimeshinda au nimeshindwa? Nimeuliza watu wangu mtandaoni. Mia tano wamebonyeza kidole gumba, hakuna aliyejibu.

Fumie ameniwekea picha mpya, nikitabasamu na sweta. Kwa siku tatu hakuna aliyeandika. Nimeirudisha ile ya zamani. Maua yameanza kuja.

Nimeipitia karatasi kwa mara ya mwisho. Kosa la kumi: kutojifunza kutokana na makosa yaliyotangulia. Hilo nimeliepuka, nimeliwekea alama ya vema.

Mwezi wa tatu kuna mashindano ya mkoa. Daktari anasema sitafika. Lakini chupa haihitaji mimi niwe hai, inahitaji lebo, na lebo ninazo. Mapipa yako kwa Kuroiwa, mlango wa nyuma bado haufungwi, na Jumamosi amesema safari hii lazima anyolewe.

Nimeshaosha chupa.