Chumba Chenye Dirisha la Milimani

Alhamisi, 6 Agosti

Tumefika. Nyumba kubwa ya zamani katikati ya mashamba, inapokea wageni wa kulala na kifungua kinywa. Daktari alimwagiza mke wangu apumzike mahali tulivu baada ya upasuaji. Nami nilimwahidi, akiwa bado kitandani hospitalini, chumba cha juu chenye dirisha pana linalotazama milima. Kumbe wamewahi wengine: Mwalimu mstaafu na mkewe. Sisi tumepewa cha chini, ubavuni mwa jiko. Dirisha letu linatazama banda la kuku.

Mama mwenye nyumba ameomba radhi mpaka nikaona haya, akaleta blanketi la ziada. Mke wangu anasema chumba ni kizuri, kinanukia mkate. Moyo wake ndivyo ulivyo. Wangu sivyo. Chumba kile nitakipata.

Ijumaa, 7 Agosti

Mpango umeanza mezani. Nikitia chai sukari, nikasema kama mtu asiye na neno kwamba nyumba za zamani hujaa popo darini, hasa juu ya vyumba vya ghorofani. Nilitegemea mke wa Mwalimu angeacha kijiko na kukimbilia mizigo.

Mwalimu akafurahi mno. Alifundisha elimu ya viumbe maisha yake yote na popo ndio kipenzi chake. Akaazima ngazi. Akaniomba niishike. Nimeishika asubuhi nzima, vumbi la dari likiniingia machoni, naye huko juu akinihadithia jinsi popo anavyonyonyesha. Hakuona popo hata mmoja. Amesema atajaribu tena.

Lakini niandike na hili. Barazani, mke wangu na mke wa Mwalimu walikuwa wakimenya njegere. Nikamsikia mke wangu akicheka. Kicheko chenyewe, kile cha zamani. Nusura niachie ngazi.

Jumamosi, 8 Agosti

Jogoo. Akiwika chini ya dirisha lao alfajiri, watahama wenyewe. Nikamtoa bandani, nikamficha ndani ya koti. Jogoo hakuafiki. Alinidonoa kifuani, nikarudi kinyumenyume, nikatumbukia katika hori la kunyweshea ng'ombe. Nyumba nzima ikaamka. Nikaeleza kuwa nafanya mazoezi.

“Na jogoo?” akauliza mke wangu.

Nikamrudisha bandani, maji yakinichuruzika. Mama mwenye nyumba amenivika suruali ya marehemu mumewe, inayotosha watu wawili na mgeni wao, akanipikia uji wa tangawizi. Hakuna aliyenicheka hadi nilipomaliza bakuli. Hapo wakacheka wote, mke wangu akishika mshono wake na kuniomba nisisimame tena na suruali ile. Nimenuna kidogo. Uji ulikuwa mtamu.

Jumapili, 9 Agosti

Mwalimu ameniita kando. Nikajiandaa kukana kila kitu.

“Kijana wangu,” akasema, “hameni leo, mwende juu, nasi tushuke chini. Macho yetu sisi hayafiki tena huko milimani. Mwenzako ndiye anayehitaji kutazama mbali.”

Kumbe waliafikiana na Mama mwenye nyumba tangu Ijumaa, njegere zikimenywa, baada ya mke wangu kusimulia ugonjwa wake. Walisubiri tu mapazia yaliyofuliwa yakauke. Nikaanza kushukuru. Mwalimu akanipiga begani, akabeba masanduku yetu kabla sijayafikia.

Mchana kutwa mke wangu amekaa dirishani, blanketi magotini, mkono wake ndani ya wangu. Mawingu yalikuwa yakishuka mlimani. Akasema, “Ahsante kwa kunileta.” Nikaitikia kwa kichwa. Sijui nimlipe nini Mungu, wala watu hawa.

Jumatatu, 10 Agosti

Wema wa watu hauna mfano. Hata hivyo, tuseme kweli: pasipo popo nisingeishika ngazi, na pasipo ngazi wanawake wale wasingepata asubuhi nzima ya kuzungumza. Mpango mzuri hukawia kuiva, ndiyo tabia yake.

Mke wangu amelala vizuri na angependa tuongeze siku. Bahati mbaya kuanzia kesho chumba hiki ni cha maharusi. Nimemuuliza Mama mwenye nyumba, kwa upole tu, kama anajua maharusi hao wanaogopa mnyama gani.