Viatu Chini ya Namba Ishirini na Nne

Jumatatu, 12 Januari. Kajaani

Nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Nimefika salama, ukiacha vidole viwili vya mguu ambavyo bado sina habari zake.

Niandike mambo yalivyo, ili nikifukuzwa niwe na kumbukumbu. Mimi, Oiva Kangasmäki, ni karani katika ofisi ya wasaka vipaji wa hoki ya barafu. Kwa miezi minne nimepiga chapa ripoti za wengine. Muda wangu wa majaribio unaisha Ijumaa. Wa Jalo Nyyssönen, mwenzangu ofisini, pia. Nafasi ni moja. Mkuu wetu, Bi Raija Haapsaari, ametuleta wote wawili kwenye mashindano haya ya vijana chini ya miaka kumi na minane. Kila mmoja wetu ampe jina moja tu, la kijana atakayeweza kucheza na watu wazima miaka minne ijayo. Mwenye jina bora atabaki. Mwingine, alisema, ataenda kupumzika. Alilitamka neno hilo kwa upole sana.

Maneno ya kazi hii nayajua yote. Mikono laini. Miguu mizito. Anasoma mchezo. Nimeyapiga chapa mara elfu. Kumbe sijui yakiwa barafuni yanafananaje!

Na swali lenyewe linanikosesha raha. Unamtazamaje kijana wa miaka kumi na saba, ana chunusi, anamwagia mwenzake maji shingoni, halafu ukamwona ndani yake mtu mzima? Huyo mtu yumo tayari? Amejificha wapi?

Mbinu ya kwanza: kuiga. Nimeketi karibu na Mzee Pelttari wa klabu jirani, miaka arobaini katika kazi hii. Nikaazimia kutazama anakotazama yeye. Ajabu! Vipindi vyote vitatu hakuangalia barafu. Alilikodolea macho benchi la kushoto tu. Nikaona hapa pana elimu. Nami nikalikodolea macho. Nikaandika kurasa nne: nani kanywa maji, nani kafunga kamba za glovu, nani kapenga kamasi.

Mwisho nikajipa moyo, nikamuuliza kwa heshima siri ya benchi. Akasema hakuna siri, kijana wangu, Jumamosi aliteleza akiondoa theluji mlangoni, shingo imekakamaa, haigeuki kulia. Akaniuliza kama mechi ilikuwa nzuri.

Kurasa nne!

Jumanne, 13 Januari

Chumba cha kahawa kina sheria moja isiyoandikwa: hakuna anayetaja mchezaji. Wasaka vipaji kumi na mmoja, wote wanatafuna maandazi ya iliki na kuongelea unene wa barafu ziwani na samaki waliowaponyoka. Nilipouliza, kwa sauti ndogo, nani amecheza vizuri leo, taya zote zikaacha kutafuna. Mmoja akaweka kikombe chini. Jalo akawaambia wanisamehe, mimi ni wa mashine ya kuchapa, sijazoea kukaa na watu.

Wakacheka. Jalo ana meno mengi kupita kiasi.

Mzee Pelttari alinihurumia. Akanivuta kando (kwa upande wa kushoto) akaniambia kwamba zamani wao, wakitaka kujua kijana atarefuka kiasi gani, walitazama mguu. Mwenye mguu mkubwa bado ana safari. Mtoto wa mbwa naye ni hivyo hivyo.

Nilisisimka mwili mzima. Jambo la kupimika! Macho hudanganya, ila futi haidanganyi. Na hapa kwetu nani asiyejua viatu vya watu vilipo? Viko mlangoni.

Saa tisa alasiri timu ya wenyeji ilipoingia barafuni, niliteremka hadi ukumbi wa vyumba vya kubadilishia. Viatu vyote vimepangwa ukutani, kila jozi chini ya kigingi chenye namba. Nikapiga magoti na utepe wangu wa kupimia, nikaandika saizi. Arobaini na mbili, arobaini na tatu, arobaini na mbili. Halafu, chini ya namba 24, mabuti mawili makubwa kama mitumbwi. Arobaini na tisa!

Nikafungua orodha ya wachezaji. Namba 24: Veeti Salmijärvi, mshambuliaji, sentimita 168. Mfupi kuliko wote! Na mguu wa jitu! Kumbe yule mtu mzima amejificha miguuni!

Nilikuwa nimeingiza mkono hadi kiwiko ndani ya buti la kulia, kupima kisigino, nikasikia sauti juu yangu. Mama Hilkka, mtunza vifaa wa timu, ameshika ndoo.

“Wewe! Umepoteza nini humo, harufu?”

Nikasema natafuta kifungo. Akauliza kifungo gani kinaingia kwenye kiatu cha mwenzio. Nikasema kifungo kidogo. Akanitazama kuanzia kofia hadi soksi, akasema watu wa mjini wana mambo, na kwa kuwa nimeshapiga magoti tayari, na sakafu imelowa theluji, basi nisaidie. Akanipa tambara.

Nilipiga deki ukumbi mzima. Sikuthubutu kukataa, ana mikono ya mtu wa kupasua kuni. Jalo akapita, akasimama, akaniangalia, akaenda zake. Jioni chumba kizima cha kahawa kilinisalimia, “Hujambo, mama wa usafi?”

Wacheke tu. Mimi nina arobaini na tisa.

Jumatano, 14 Januari

Nimemtazama Salmijärvi mechi nzima ili niongeze maelezo kwenye ripoti. Ni vigumu. Ameanguka mara sita, mara mbili bila kuguswa na mtu. Kila akipewa kisahani, kile kidude cheusi cha kuchezea, anakitoa haraka, kama mtu aliyeokota kaa la moto. Nimeandika: “Bado anaizoea miguu yake.” Ni kweli, kwa namna fulani.

Lakini limetokea jambo la ajabu, naliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayelisoma.

Nilipokuwa nikimtafuta Salmijärvi (alikuwa chini tena), jicho langu lilidondokea kwa beki mmoja wa timu ya wageni. Namba 11, Aarre Multanen. Si mrefu, hana mbio, hakuna aliyemtaja. Ila kabla kisahani hakijamfikia, aligeuza kichwa na kuchungulia nyuma ya bega. Mara ya kushoto, mara ya kulia. Ndipo akapokea. Na kila mara pasi yake ilikuwa imekwisha kuondoka kabla adui hajafika. Adui anafika, anakuta hewa! Nikaanza kuhesabu. Amechungulia mara thelathini na moja. Mara ishirini na tisa pasi imefika. Zile mbili zilizopotea, alizifuata mwenyewe akazirudisha, bila kelele, kama mtu anayeokota glovu aliyoidondosha.

Nilisahau kuogopa. Kipindi kizima cha tatu sikukumbuka Ijumaa. Nilitaka tu kujua: anaona nini kule nyuma? Nani kamfundisha? Au kazaliwa hivyo?

Nikafanya kosa la kumtaja mbele ya Jalo. Jalo akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. “Kumi na moja? Yule gunia la viazi? Karani, rudi kwenye viatu.”

Damu ikanipanda. Halafu ikashuka, ikaniacha na wazo.

Jalo ni mwizi wa madaftari. Ofisini wote tunajua. Basi nitamtegea! Nitaandika ripoti ya uongo, nimsifie gunia la viazi, niliache daftari la kazi, kama nimelisahau, chumba cha kahawa kando ya sinia la maandazi. Jalo ataiba, atampeleka namba 11 kwa Bi Raija, atachekwa hadi kaburini. Mimi nitapeleka mguu wa arobaini na tisa.

Taabu ni kwamba sijui kudanganya. Nimejaribu kubuni sifa za Multanen, kalamu imegoma. Mwisho nimeandika tu nilichokiona: kichwa, bega, thelathini na moja, ishirini na tisa, hewa. Zimekuwa kurasa mbili. Nimezisoma tena, zinanoga kweli kweli. Mtego safi kabisa!

Alhamisi, 15 Januari

Saa tatu asubuhi nimeliacha daftari mahali pake. Saa tatu na robo halipo. Nimejificha nyuma ya mashine ya kahawa nikatabasamu peke yangu. Mzee Pelttari akauliza kama naumwa jino.

Mchana nimekabidhi ripoti yangu juu ya Salmijärvi, kabla ya wakati, katika bahasha, nimebandika mara mbili. Kichwa cha habari: “Matarajio ya Kimo.” Nimeambatanisha jedwali la viatu.

Nimetazama mechi ya mwisho ya Multanen, bila sababu. Mara thelathini na nne.

Ijumaa, 16 Januari

Siku gani hii!

Saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa nje ya ukumbi nikipumua. Mlango ukafunguka, akatoka mtu aliyelazimika kuinama ili apite. Dereva wa basi la timu. Miguuni, yale mabuti.

Nikamfuata. Nikamuuliza kama Veeti Salmijärvi ni mwanawe. Akasema hapana, ana mabinti wawili, wako Rovaniemi. Nikamuuliza kama huwa anamwazima kijana yeyote viatu. Akaniuliza kama niko sawa, nikae kidogo ndani ya basi nipate joto? Ndipo akanieleza: vigingi vile si namba za wachezaji. Ni namba za vigingi. Wachezaji huweka viatu vyao ndani ya chumba, na ule ukuta ni wa madereva, waamuzi na wazazi. Kila mtu wa Kajaani analijua hilo.

Na bahasha yangu imebandikwa mara mbili! Kurudi kusema nimekosea ni kuonyesha kwamba mtu anaweza kukosea. Nikaiacha bahasha ilivyo.

Saa sita mchana Bi Raija alituita. Alisoma ripoti yangu kwanza, mwanzo hadi jedwali. Akachukua ya Jalo. Namba 11, Aarre Multanen. Neno kwa neno, hadi “anakuta hewa.” Nilibana midomo nisicheke.

Akasoma mara mbili. Akamuuliza Jalo yule kijana huchungulia bega gani kwanza. Jalo akasema yote mawili, kwa pamoja. Bi Raija akamwambia atupishe kidogo.

Tukabaki wawili. Akanigeuzia karatasi.

Alisema amemwona kijana yule juzi, naye akavutiwa, ila hakuwahi kufikiria kuhesabu. Alisema aliyeandika kurasa hizi ana macho, na kwamba watu wenye macho katika kazi hii hawajai ukumbi mmoja. Alisema amesoma ripoti za Jalo miezi minne, na Jalo hajawahi kuhesabu hata vidole vyake.

“Oiva, haya ni maneno yako?”

Hapo nikaelewa. Mtego! Ameng'amua nilimtegea Jalo. Mkataba wangu, ukurasa wa sita: kupotosha ofisi kwa taarifa za kutungwa ni kufukuzwa papo hapo. Tena, hata pasipo ukurasa wa sita, ni mtu gani wa kwetu hukaa akasema, ndiyo, sifa hizo ni zangu? Mama yangu angeficha uso. Nikasema hapana, Bi Raija.

Akauliza mara ya pili, taratibu. Je, nilimwona namba 11? Nikasema simjui. Nikasema siku ile nilikuwa natazama viatu.

Akavua miwani. “Mwanangu, nauliza mara ya mwisho. Wala sina hasira.”

Hana hasira! Dalili mbaya kuliko zote! Nikasimama wima, nikaapa kwamba sijapata kumtazama kijana huyo hata sekunde moja, na kwamba kwa maoni yangu ni gunia la viazi.

Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetupa ndoana siku nzima, samaki akaja hadi ukingoni mwa tundu la barafu, akageuka. Akafunika kalamu yake. Akasema basi, nimwite Jalo.

Jalo amepata nafasi. Multanen ameitwa Machi kufanya mazoezi na wakubwa. Mimi nirudi kupiga chapa hadi mwisho wa mwezi, halafu nipumzike.

Jumamosi, 17 Januari. Ndani ya treni

Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii. Nimeponea chupuchupu! Mtu mwingine angeingia kichwa kichwa, angesema “ndiyo, ni mimi,” na leo angekuwa hana hata hizi siku kumi na nne. Uangalifu hulipa.

Nimeitafakari kasoro yangu kwa moyo mweupe. Ilikuwa moja: nilipima viatu, sikupima watu. Basi.

Nimeketi mkabala na bwana mnene wa Oulu, anayeuza helmeti. Ananiambia kwamba baada ya miaka kumi na tisa ya kuvalisha wachezaji, ameona wote waliofika mbali wana masikio madogo, yaliyolala. Nimemwomba arudie, nikaandika. Masikio! Hayavuliwi mlangoni, na hakuna dereva anayeweza kuyaweka chini ya kigingi cha mtu!

Ofisini kuna picha za vijana elfu mbili na mia tatu. Nina siku kumi na nne. Nitaanza Jumatatu asubuhi, na rula.