Pweza wa Ushongo, Sehemu ya Nne

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeamua. Filamu yetu ya Pweza wa Ushongo, sehemu ya nne, itakuwa na waigizaji wapya. Imetosha!

Sehemu tatu nimeziandika mimi, nimezipiga kwa simu yangu mimi, nimezikata na kuziunga mimi. Anayeshangiliwa nani? Uweso, kwa kuwa ndiye anayeigiza Pweza! Leo hapa Mwera alikuwa anaziba pancha tu kibandani kwake, watoto wakamzunguka wakimwita shujaa wa bahari. Mmoja akaniuliza kama mimi ndiye ninayembebea mikono yake ya pweza.

Orodha mpya hii hapa. Pweza, mwenye mikono minane na wino wa kupofusha maadui: mimi. Mama yake Pweza: Hasina, mke wangu (hajaambiwa). Mfalme wa Baruti, jambazi anayelipua samaki: Uweso, maana Zabron aliyekuwa jambazi wetu kahamia Muheza kwenye machungwa.

Shida ni kumwambia Uweso. Tulitiwa jando siku moja. Mtu kama huyo unaanzia wapi?

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata njia. Nimemtuma Mwamvua, binamu yake. Ana ulimi mtamu, na ndugu humwelewa ndugu. Nikamwambia afikishe yote: kwamba kwa kitambi na umri wake hafai tena kuwa Pweza, na nafasi yake sasa ni ya ujambazi.

Karudi saa saba. Anasema Uweso amecheka mpaka spana ikamtoka mkononi, wateja nao wakacheka. Nimefurahi mno. Huo ndio ukomavu!

Nikamsimulia Hasina. Akaacha kukuna nazi, akaniuliza kama nimesahau kwamba wale wawili ni mabinamu na watani. Mwaka jana Mwamvua alimwambia Uweso nyumba yake inaungua, Uweso akachukulia ni utani, akaomba chai nyingine. Nikamjibu Hasina kwamba anapenda kuona mabaya. Akarudi kukuna nazi. Kuna namna Hasina hukuna nazi ambayo siipendi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, watu hawaendi kazini, siku nzuri ya kupiga picha. Nimefika ufukweni Ushongo nimeshavaa: mikono minane, yote ipo, sita imejazwa sufi. Nikamkuta Uweso. Naye kavaa! Yake ile ya zamani, aliyoshonewa na mama yake. Mikono kumi na sita ufuko mmoja. Mgeni mmoja wa hotelini alitupiga picha.

Uweso alikuwa anacheka. Anawaambia watu kwamba utani wa Mwamvua safari hii umemkolea hadi mwongozaji. Hapo ningeweza kucheka naye. Nikasema Mwamvua hakuwa anatania.

Akaacha kucheka. Akaanza kuvua mikono, mmoja mmoja, akiikunja vizuri. Akasema ningemfuata mwenyewe angenivalisha kwa mikono yake. Nafasi si kitu. Kinachomuuma ni kwamba aliichekea habari yake mwenyewe mbele ya wateja, na mimi nikamwacha acheke siku mbili nzima.

Kisha akauliza jambazi anasimama wapi. Nikamwonyesha. Tukapiga picha mpaka alasiri.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda kumwomba radhi. Kabla ya kutoka nyumbani nikaona aibu kufika bila sababu, nikalitoboa gurudumu la baiskeli kwa sindano ya Hasina.

Nimemkuta na mama yake. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama mikono yangu inanikaa vizuri. Nikasema inanikaa. Radhi ikabaki mdomoni.

Uweso alilichovya gurudumu kwenye maji, akakiona kitundu, akanitazama mimi, akaziba. Akanirudishia baiskeli. Nimerudi nikiisukuma baiskeli nzima kabisa.

Jumapili, 17 Agosti

Tumeionyesha filamu mchana huu katika banda umiza la Mwera. Limejaa hadi mlangoni. Nilipotokea nikiruka kutoka kwenye jiwe, hakuna aliyepiga makofi. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti Pweza atakuja saa ngapi.

Halafu akatokea Uweso. Mfalme wa Baruti anawaokota samaki aliowalipua, anawapanga mchangani, analia. Mimi sikuyaandika hayo! Siku ile nilidhani anapoteza chaji yangu. Lakini banda zima lilitulia, Hasina akajifuta macho kwa khanga. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anaigiza, na kwamba aliyemliza ni mimi, niliyekuwa nimesimama mbele yake nimeshika simu. Nimelia na mimi.

Watu wakapiga makofi wakimwita Mfalme. Mlangoni Uweso aliniwekea mkono begani, akasema picha imetoka safi. Nikamwambia nisamehe. Akasema yamekwisha. Sina rafiki mwingine kama huyu, na sitaki kumpoteza.

Jumatatu, 18 Agosti

Tangu alfajiri nimekaa nikiyatafakari makosa yangu. Nimeyaona yote. Kosa langu lilikuwa kuchagua nafasi ya shujaa. Shujaa anaruka tu! Anayependwa ni jambazi.

Sehemu ya tano, basi. Pweza: Uweso, arudishiwe, haki yake. Mfalme wa Baruti: mimi. Nimeshaanza kujifunza kulia mbele ya kioo. Hasina kaniuliza kama naumwa.

Kumbe bado kumwambia Uweso. Safari hii simtumi mtani, nimejifunza. Nitamwandikia barua nzuri, ya heshima, na chini, badala ya jina langu, nitatia sahihi: Sisi Mashabiki Wako.