Chumvi ya Mwembe

Jumanne, 1 Desemba 1964

Kafyu tena! Tangu vita vya mashifta vianze, jua likizama tu kila mtu ndani, kama kuku. Mimi Guleid, niliyezoea kwenda Balambala na kurudi na mbuzi, nazunguka ua wangu mpaka nimechora njia mchangani. Lakini leo nina kazi! Adeer Korane, mzee wetu, baba yake Qali ninayetaka kumwoa, ametangaza msikitini kuwa askari wamemchukulia ngamia, kwa hiyo hamwozi bintiye kwa mtu wa mifugo. Anataka mkwe mwenye kitu chenye mizizi. Ijumaa ya wiki ijayo atapita kukagua bustani na kuonja maembe mwenyewe.

Nina mwembe! Aliuacha mpangaji wa zamani, na umejaa maembe mabichi. Balaa ni jirani yangu Sugow, fundi cherehani. Naye ana mwembe. Naye anamtaka Qali. Mtu asiyejua hata kukamua mbuzi!

Jumatano, 2 Desemba

Nimemchungulia Sugow. Anatia maji ya mto na samadi, basi. Maskini! Mimi nimelelewa na ngamia. Ngamia akinyima maziwa, anapewa nini? Chumvi! Nimemwaga gunia zima shinani. Mama akauliza kama nimerukwa na akili. Nikamweleza kuwa kila chenye uhai hutaka chumvi. Akasema basi niupeleke na malishoni.

Jumapili, 6 Desemba

Majani yanakauka. Dalili njema: nguvu imehamia kwenye tunda. Nimeongeza chumvi.

Alhamisi, 10 Desemba

Subhanallah! Maembe yote chini, magumu kama mawe. Mti umebaki mifupa mitupu. Mbuzi wa mama wanalamba shina kwa raha zao. Sikuweza kuketi wala kula. Kumkosa Qali kwa sababu ya mti?

Adhuhuri akili ikafunguka. Nimenunua maembe mabivu sokoni, yoyote niliyoyaona, nikayafunga matawini kwa uzi. Uzi nimeazima kwa Sugow. Ha! Jua likielekea kuzama, askari wa doria akasimama uani akauliza nafanya nini mtini. Nikasema navuna. Akasema yeye ni mtoto wa shamba na hajaona mtu anayevuna kwa kurudisha. Nikampa maembe mawili, akaenda zake.

Ijumaa, 11 Desemba

Wamekuja baada ya swala: Adeer Korane, Qali, na Sugow nyuma yao. Adeer akatazama juu, akamsifu Mungu. Nikavimba. Qali akauzunguka mti polepole, halafu akauliza, kwa adabu kabisa, huu ni mwembe gani unaozaa ngowe, dodo na boribo kwa pamoja, tena bila jani hata moja. Nikajibu kuwa ni karama.

Adeer akavuta ngowe moja. Ikaja na uzi mwekundu. Sugow akautambua, akaomba arudishiwe uliobaki.

Qali alicheka mpaka akashika ukuta. Nilitamani ardhi inimeze. Nampenda, wallahi, na hata kicheko kile nilikipenda. Wakahamia kwa Sugow. Adeer alikula maembe mpaka maji yakamchuruzika viwikoni, na Fatiha ya posa ikasomwa hukohuko. Niliisikia yote nikiwa nyuma ya ua.

Jumatatu, 14 Desemba

Ndoa ni kabla ya Ramadhani. Sugow ameniletea embe, eti ujirani. Nilitaka kulitupa. Nikalila. Tamu! Ndiyo maana likaniuma zaidi.

Kokwa nimelipanda upande wa pili wa ua. Qali ana binamu, Bishara, hajaposwa. Mama anasema mwembe huchukua miaka kuzaa. Mimi naenda wapi na kafyu hii? Na kosa langu nimeligundua, nikacheka peke yangu. Mti ule nilianza kuulisha chumvi ukiwa mzee. Ngamia huzoeshwa angali ndama! Kokwa hili nimelianzia leoleo, konzi moja tu ya chumvi.