Mwalimu, Kwetu Kuchoka Kulikuwa Kumoja

Mtinko, Singida.

Kwa Mwalimu Leonard, wa Kiingereza, kidato cha pili.

Mwalimu wetu, habari za tangu kikao cha wazazi? Mimi mama yake Witness sijambo. Baba yake, Philipo, hajambo, ila mgongo. Mama mkwe wangu, bibi Dorkas, hajambo na anakula vizuri. Eliya mdogo hajambo, jino limetoka. Kuku nao hawajambo, isipokuwa yule tuliyekuwa tumekuwekea wewe. Hofu yetu ni kwako na mama watoto.

Mwalimu, mimi niliishia darasa la nne, nikikosea unisamehe. Nina malalamiko. Toka zamani nyumba hii ina neno moja, nimechoka. Mtu akitoka shamba analisema, anapewa pole na maji ya kuoga, basi, hakuna wa kumchunguza. Sasa umemfundisha mtoto kwamba Waingereza wamegawa uchovu kama nyama ya sikukuu, kila mtu na fungu lake. Maneno yao nimeyanakili kwenye daftari lake, herufi kwa herufi.

1. Baba Witness. Juzi alirudi kutoka kukamua alizeti, akakaa kwenye kigoda, akasema nimechoka. Mtoto badala ya maji akamuuliza, baba, uko tired au bored? Tired ni mwili umefanya kazi, bored ni mtu amekaa hana la kufanya. Baba yake hajui kudanganya. Akafikiri, akakiri kwamba mashineni kulikuwa na foleni, kashinda amekaa juu ya gunia. Akaambiwa basi dawa yako ni kazi, banda la mbuzi lina tundu. Alilitengeneza, Mwalimu, lakini aliyenuniwa ni mimi.

2. Mama mkwe. Miaka kumi na tisa hatujagombana. Yeye husema nimechoka, mimi nasema pole mama, namtandikia. Witness akamwambia, bibi, huko si kuchoka, wewe ni annoyed, umeudhiwa, na aliyeudhiwa ataje kinachomuudhi. Bibi alifurahi jamani! Akasema, mlenda wa mama yako. Miaka kumi na tisa! Halafu akafundishwa kwamba ukiudhiwa mpaka hutaki tena, ni fed up. Jumapili mzee wa kanisa alipofika tangazo la nane, bibi akasema fed up, kwa sauti. Kwaya nzima ilicheka.

3. Hili ndilo linaninyima usingizi. Uliwapa kazi ya kuandika sentensi kuhusu watu wa nyumbani. Witness alitusomea, akatutafsiria: mama yangu hayuko tired, yuko weary. Akasema weary ni uchovu wa siku nyingi, ule unaolala nao na kuamka nao. Wote wakanitazama. Mwalimu, jambo hilo sijawahi kumwambia mtu. Tangu hapo anadamka kabla yangu kwenda kisimani, na yale masomo ya alfajiri ya kujiandaa na mtihani ameyaacha. Nikimkataza anasema, mama, wewe ni weary. Nimejaribu hata kutembea harakaharaka mbele yake aone nina nguvu. Haamini.

Kwa hiyo naomba sentensi hiyo uiwekee kosa, kwa kalamu nyekundu, kubwa. Andika kwamba mama yake ni tired tu, ya kawaida. Wewe atakuamini, atarudi darasani. Na hayo maneno mengine, kama serikali inaruhusu, yafundishwe baada ya mavuno.

Wasalimie walimu wote, mkuu wa shule, na mpishi wenu Jenifa.

Ni mimi mzazi mwenzako,
Mama Witness.

N.B. Kabla sijaifunga barua nilijilaza kidogo, nikaamka jua linazama. Nikakuta madumu yote yamejaa. Witness alikuwa bado shuleni. Kumbe ni baba yake, kwa baiskeli, safari tatu. Bibi ndiye aliyemtuma, kamwambia kwamba yeye ni fed up kuniona nabeba maji. Na mlenda kapika mwenyewe. Hauna chumvi, lakini sijataja niko fungu gani. Kuanzia kesho maji ni zamu ya Philipo, na Witness alfajiri utamwona darasani. Ile sentensi mwekee vema. Nijibu upesi, Mwalimu, uniambie kama Waingereza wana neno la mtu aliyeamka hajachoka. Mimi silijui, na leo nimelihitaji.