Mradi wa Meitheal, Kizwite

Jumatatu, 7 Julai 2025
Balaa! Mwenyekiti wa mtaa katangaza kwamba Jumatatu ijayo ng'ombe wanaachiwa mashambani. Mahindi yangu ekari mbili bado yamesimama! Mke wangu Bertilla kasema kiuno chake si trekta. Changu ndiyo kabisa. Jioni nikamlilia Sista Nora, mtawa wetu kutoka Ireland. Kasema kwao kuna neno meitheal, hutamkwa mehal: majirani wanakuja kukuvunia. Alikuwa bado anaeleza. Nikashukuru, nikakimbia.

Jumanne, 8 Julai
Nimetangaza kwenye mashine ya kusaga, foleni ikiwa ndefu. Mradi wa Meitheal umefika! Kutoka Ulaya! Wamejiandikisha ishirini na wawili. Mratibu ni mimi.

Jumatano, 9 Julai
Wamekuja na kalamu. Hakuna hata mwenye kiroba! Jirani yangu Adolfu kauliza fulana ziko wapi. Debora, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akiba, vikoba, kauliza neno lenyewe maana yake nini. Nikasema maendeleo. Adolfu kasikia ni mkopo. Mwingine eti mbegu. Mwishowe hata mimi sikujua tena. Wakaondoka wote kwenda kwa Sista. Nimekwisha.

Alhamisi, 10 Julai
Sista kawaeleza kwamba asili yake ni wavunaji wa zamani huko kwao. Siku hizi ni majirani wanaosaidiana kazi yoyote kwa zamu. Debora kacheka mpaka kashika ukuta. Si ndivyo walivyofanya bibi zetu hapa Ufipa, na pombe ya ulezi juu? Sasa nani kamwiga nani? Kichwa kinaniuma. Lakini wanakuja! Hiyo "zamu" sijaipenda.

Jumamosi, 12 Julai
Saa nane mchana shamba lote limevunwa! Lundo la mahindi limenizidi kimo. Nusura nilie. Ndipo Debora akasoma zamu: Jumatatu kwa Adolfu, kupura ulezi. Nikawakumbusha, kisomi kabisa, kwamba asili ya neno ni kuvuna. Kupura hakumo. Adolfu akasema kwa upole kwamba ni kweli, na kubeba pia hakumo. Wakakunja viroba vyao, wakaenda.

Jumatatu, 14 Julai
Jana nimebeba kwa baiskeli. Viroba sita, pancha mbili. Asubuhi hii ng'ombe wameingia, wakakuta lundo linawangoja. Bertilla alikaa chini akalia. Mpaka sasa hanisemeshi. Imeniuma, jamani. Nimewaza mchana kutwa na kosa nimeliona: neno lilikuwa fupi. Kesho mapema namfuata Sista anitafutie lingine, lenye kubeba ndani yake.