Mgomba Uliovaa Koti la Bunge

Jumapili, 8 Septemba 1974. Suneka.
Daktari asema moyo wangu umechoka. Hakuniambia jipya. Kwanza diwani, kisha bungeni tangu Uhuru. Sasa nataka kimoja tu: nife nikiwa Mheshimiwa. Lakini Ombati, niliyemfundisha mwenyewe kusoma, ametangaza kugombea kiti changu. Mtovu wa adabu! Nitamwita kitandani nimsihi ajiondoe. Nani atamkatalia mzee anayekata roho?

Jumatano, 11 Septemba.
Mazoezi ya kuhema. Si kazi ngumu, kwa hali yangu. Nimemwomba mke wangu Kemuma alie kidogo Ombati akifika. Akauliza kidogo ni kiasi gani. Nikamwambia atumie akili yake.
Mchungaji naye akaja, akanitaka nitubu kabla sijaondoka. Nikatubu kuhusu barabara ya Nyamarambe, niliyoiahidi kila kampeni. Akauliza, na zahanati je? Nikazimia.

Ijumaa, 13 Septemba.
Balaa! Ombati alipotokea langoni, Kemuma akaangua kilio cha matanga. Jirani akapokea. Kilima kikajibu kilima mpaka Kiogoro. Mimi nimefumba macho, nangoja nafasi ya kusema maneno yangu ya mwisho. Usingizi ukanipitia!
Nilipoamka, kaburi lilikuwa karibu kwisha kuchimbwa, upande wa kulia wa nyumba, panapomstahili mwanamume. Ombati yumo ndani, kavua shati, anachimba kuwashinda wote. Kijana ana bidii, nakiri. Nikatoka na blanketi, nikauliza nani ameharibu mahindi yangu. Uwanja ukabaki mtupu. Mchungaji aliongoza mbio.

Jumapili, 15 Septemba.
Jana Sabato, hakuna wa kushika jembe. Shimo likalala wazi. Leo wazee wameamua: kaburi halifukiwi tupu, litaita mwingine wa boma hili. Likatwe shina la mgomba, lizikwe badala yangu. Wakalivisha koti langu la bungeni. Ombati akaomba kusema machache. Nikakubali. Kwani ni mgomba!
Akausifu mgomba ule mpaka machozi yakanitoka. Mheshimiwa ametutumikia, akasema, sasa apumzike, mzigo tuubebe sisi watoto wake. Umati ukaitika amina. Nami nikaitika, kwa mazoea.

Jumanne, 15 Oktoba.
Nimeshindwa. Nimeshindwa hata nyumbani kwangu. Nilipomuuliza Kemuma, hakuficha: Baba Nyanchera, ningempigiaje kura mtu niliyekwisha kumlilia? Na sokoni bibi mmoja alinishika mkono kwa heshima, akaniomba nimsalimie marehemu mumewe.
Nimelala kutwa nikitafuta kosa lilikuwa wapi. Miguu imevimba, pumzi haitoshi, lakini akili bado ipo. Nimeliona. Nilikufa mapema mno. Uchaguzi ujao, 1979, nitakufa juma la mwisho, watu wasipate nafasi ya kuzoea.